Asembo haikumwandikia Margaret Ogola

Riwaya ya The River and the Source, ya mwaka 1994, imesomwa na vijana wengi wa Kenya kama kitabu teule cha shule. Ikijadiliwa huku Kisumu, husemwa mwandishi wake, Margaret Ogola, aliandika vile kwa sababu alilelewa vile: mzaliwa wa Asembo, huko Siaya, 1958, aliyekuzwa kwa masimulizi ya mama yake kuhusu wanawake wa ukoo.

Hoja hiyo ina uzito. Tazama mhusika wake Akoko, binti wa kutoka eneo la Yimbo. Shemeji yake anapokalia kiti cha uchifu kilichostahili kuwa cha mjukuu wa Akoko, mjane huyu anafunga safari kwa miguu hadi Kisumu kushtaki kwa serikali ya kikoloni. Asiyewajua wajane wa Nyanza angemwandika akilia tu, au angemfanya shujaa asiyechoka. Ogola anamwandika kama mtu anayejua sheria za kwao na anayejua zimevunjwa wapi.

Lakini Becky je? Nyabera ni binti wa Akoko, na mjukuu wake huyu anakufa kwa UKIMWI, na hakuna hadithi ya nyanya iliyomtangulia. Ogola alikuwa amefuzu udaktari wa watoto mwaka 1990. Kwangu mimi, kurasa zile zina mkono wa daktari.

Tena Asembo ndiko alikozaliwa mwandishi Grace Ogot, 1930, aliyesomea uuguzi. Kwao mamoja, fani zao jirani, ila katika riwaya ya Ogot, The Promised Land ya 1966, daktari Mzungu anashindwa na ugonjwa wa mhusika Ochola, na mganga ndiye anayemponya. Kwa Ogola, hospitali ni kazi ya kujivunia ya watu wa nyumbani. Kama malezi yangetosha kueleza kitabu, wawili hawa wasingeachana mbali hivyo.

Ninalisisitiza hili kwa ajili ya wasichana wanaoandika sasa. Aliyekulia mitaa ya Kisumu kama Kondele au Nyalenda huambiwa aandike ziwa, samaki na bibi kizee kando ya moto, eti ndiyo asili yake. Yeye amelelewa kwenye ploti yenye mfereji mmoja, kelele za matatu na Sheng. Hayo pia ni malezi, na yana haki ya kuingia kitabuni bila kuomba radhi. Kweli, sikio lake la mazungumzo atalitoa nyumbani. Msomaji wa Kisumu hunusa mara moja mhusika anayeongea kama mgeni. Ila nikikutana naye, sitamuuliza alizaliwa wapi kabla ya kumuuliza anasoma nini.