Mzigo wa mabomu kwenye simuleta za ndege: wanaodai historia wana hoja

Miongoni mwa vijana wa Kigoma wanaocheza simuleta, yaani michezo ya kompyuta ya kuendesha ndege, za Vita Kuu ya Pili kuna ubishi usiokwisha: mchezaji aruhusiwe kupakia kila bomu ambalo ndege iliweza kulibeba, au yale tu ambayo vikosi vya wakati ule viliyabeba kweli? Wanaotaka uhuru ni wengi. Wanaotaka historia wanaitwa wanoko, watu wa kuharibu starehe za wenzao. Nimewasikiliza wote, na naona hao wachache wanahukumiwa kwa jambo ambalo hawakulisema. Hawalilii sheria. Wanachodai ni kwamba mzigo wa mabomu ndio unaoeleza ndege ilikuwa inakwenda wapi, kufanya nini, na kwa gharama gani.

Chukua Lancaster, ndege ya mabomu ya Uingereza. Orodha ya silaha ikifunguka, macho ya mchezaji yanakimbilia Grand Slam, bomu la pauni 22,000, karibu kilo 10,000. Ni kweli Lancaster ililibeba. Lakini lilidondoshwa kwa mara ya kwanza tarehe 14 Machi 1945, kwenye daraja la reli la Bielefeld, vita vya Ulaya vikiwa vimebakiza chini ya miezi miwili. Hadi vilipomalizika yalikuwa yamedondoshwa 41. Ndege zenyewe zilikuwa za toleo maalumu: milango ya tumbo iliondolewa kwa sababu bomu halikuenea ndani, na bunduki za puani na za mgongoni zikatolewa ili kupunguza uzito.

Sasa weka 41 hiyo kando ya hesabu nzima. Lancaster ziliruka takriban safari 156,000 za kivita na kudondosha mabomu tani 608,612 za Kiingereza, kila tani kilo 1,016. Ukigawanya, kila safari inapata karibu kilo 3,960. Hesabu hii naipenda kuliko zote katika ubishi huu, na najua itapingwa. Mtu atasema wastani umeshushwa na ndege zilizorudi bila kudondosha kitu. Sawa, ongeza kidogo kwa ajili ya hizo. Bado hufiki kilo 6,350, yaani pauni 14,000, ambazo ndizo zilizohesabiwa kuwa mzigo mkubwa wa kawaida wa ndege hiyo, sembuse 10,000. Anayepakia Grand Slam kila jioni anarudia tendo lililofanyika mara moja kati ya safari 3,800 hivi, kisha analiita Lancaster.

Uwezo uliobaki ulikwenda wapi? Sehemu kubwa ilikwenda kwenye mafuta. Matangi ya Lancaster yalijaa galoni 2,154, na kila galoni ilikuwa na uzito wa pauni 7 na ushei. Matangi yakijaa, mafuta peke yake yanakaribia kilo 7,000, mazito kuliko huo mzigo mkubwa wa kawaida. Nahodha wa boti anayetoka Kigoma kushusha shehena vijiji vya kusini mwa Ziwa Tanganyika hahitaji kufundishwa jambo hili: kila pipa la mafuta analopakia linamnyima nafasi ya magunia, na akidanganya hesabu analala majini. Ndege za Uingereza zilipotumwa kutoka Scotland kuipiga Tirpitz, meli ya kivita ya Wajerumani, kule Tromsø, Norway, tarehe 12 Novemba 1944, kila moja ilibeba bomu moja la Tallboy la pauni 12,000. Ili zifike na kurudi ziliongezewa matangi, na bunduki za mgongoni zikang'olewa. Walioruka siku ile walijua wamepunguziwa kinga kwa ajili ya umbali.

Kwenye simuleta biashara hiyo haipo. Mchezaji anaweka mafuta robo, anajaza mabomu hadi kikomo, anafika, anadondosha, na kama mafuta yakimwishia njiani anaanza upya. Hapo ndege imegeuzwa kitu kingine kabisa, hata kama kila msumari wa chumba cha rubani umechorwa kwa usahihi.

Kuna makosa mengine yanayofanyika kwa kutojua tu. Heinkel He 111, ndege ya mabomu ya Wajerumani, ilibeba ndani mabomu 8 ya kilo 250, yakiwa yamesimamishwa wima, pua juu. Bomu kubwa kuliko hayo lilikaa nje chini ya tumbo, na kifaa cha kulishikilia kiliziba njia ya mabomu ya ndani. Programu inayomruhusu mtu kuchanganya yote mawili upande uleule imebuni ndege mpya.

Upande wa pili una hoja nzito pia, na moja nimeshindwa kuipangua. Ramani za simuleta ni ndogo. Shabaha iko mwendo wa dakika 20, na kwa umbali huo kikosi halisi kingeweza kweli kupakia zaidi. B-17, ndege ya mabomu ya Marekani, iliyokwenda mbali ndani ya Ujerumani na pauni 4,000 au 5,000 isingekuwa na sababu ya kubaki hapo kama shabaha ingekuwa jirani. Kumfungia mchezaji mzigo wa Berlin katika safari fupi ni kosa la kihistoria pia, na wapenda historia wanalisahau mara nyingi.

Hoja nyingine ni ya namna uharibifu unavyohesabiwa. Mzigo wa kawaida wa Lancaster dhidi ya miji ulikuwa bomu moja la pauni 4,000 pamoja na mamia ya mabomu madogo ya moto. Bomu kubwa lilipasua mapaa na madirisha, na madogo yakawasha kilichobaki wazi. Michezo mingi huhesabu mlipuko tu. Moto hausambai kutoka nyumba hadi nyumba. Mchezaji anayekataa mabomu ya moto anafuata kanuni alizopewa. Huwezi kumlaumu.

Lakini hapo ndipo ninapoona uzito wa hoja ya wanoko. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945, Jenerali LeMay wa Marekani aliamuru ndege za mabomu za B-29 zishambulie Tokyo zikiruka chini kuliko kawaida, bila sehemu kubwa ya bunduki na risasi zake, ili zibebe mabomu mengi zaidi ya moto. Takriban watu 100,000 walikufa. Uamuzi wa nini kipakiwe ulifanywa na watu waliojua wanapeleka moto kwenye nyumba za mbao. Simuleta inayoonyesha B-29 kwa usahihi wa kila saa na swichi, kisha ikaacha mzigo huo uwe suala la pointi, imekwepa sehemu iliyokuwa na maana kuliko zote.

Sisi wa Kigoma tuna sababu ya karibu zaidi. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji walipewa na Waingereza ndege 4 za kutua majini, Short 827, zikapitishwa Kongo hadi ng'ambo ya ziwa. Juni mwaka huo zikaanza kuishambulia Kigoma na meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Zilikuwa na injini ya nguvu ya farasi 150, watu wawili, na mabomu machache madogo, zikijinyanyua kwenye maji yaliyo zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, penye joto. Meli haikuzamishwa nazo. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwishoni mwa Julai karibu na mdomo wa Malagarasi, ikaibuliwa 1924, na tangu 1927 tunaiita Liemba. Kijana aliyelelewa na bomu la kilo 10,000 akisikia habari hii anaamua kwamba marubani wale hawakujua kulenga. Hajiulizi walikuwa na nini mkononi, kwa sababu gemu haijawahi kumlazimisha aulize.

Kwa hiyo sitaki orodha ya silaha ifungwe kwa kila mtu. Simuleta za DCS World na IL-2 Sturmovik tayari zinamwezesha anayetunga misheni kuweka mipaka ya silaha, na wanaotaka kucheza huru waachiwe seva zao. Ninachotaka kwenye misheni zenye tarehe na jina la mahali ni mpangilio ubadilike: umbali uamuliwe kwanza, mafuta ya kwenda na kurudi pamoja na akiba yawe ya lazima, kisha mchezaji achague mabomu kwa uzito uliobaki. Kutua salama kuhesabiwe sawa na kupiga shabaha. Atakayetaka Grand Slam alipate kwenye misheni za baada ya tarehe 13 Machi 1945, ndani ya Lancaster isiyo na milango ya tumbo wala bunduki za mgongoni, na arudi nayo nyumbani.