Mlima Unaotapika Magadi: Tuupande, au Tuutazame kwa Chini?

Anayepika makande anayajua magadi: ukitia kidogo tu sufuriani, maharage yanalainika kabla kuni hazijaisha. Sasa fikiria mlima mzima unaotapika kitu cha ukoo huohuo. Ol Doinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron kaskazini mwa Tanzania, ndiyo volkano pekee duniani ambayo watu wameishuhudia ikitoa lava ya kabonati, iliyojaa sodiamu na karibu haina silika kabisa, ile kemikali iliyomo kwenye mchanga na kioo. Lava ya kawaida ya basalti hutoka na joto la nyuzi 1,100 hivi. Hii hutoka na nyuzi 500 hadi 600, nyeusi kama oili chafu ya gereji, nyepesi ya kutiririka karibu kama maji. Mchana hata haing'ai. Ikipata unyevu wa hewa hugeuka nyeupe, ndiyo maana kuna wageni wanaoapa kwamba wameona theluji kileleni.

Kwa ajabu ya namna hiyo, siwezi kumlaumu anayetaka kupanda. Safari huanza usiku wa manane ili jua lichomoze mkiwa juu, karibu mita 2,960. Mteremko ni mkali na majivu yanateleza. Hatua mbili mbele, moja nyuma. Lakini ukifika ukingoni unaona jambo ambalo mwalimu wa jiografia alilichora ubaoni kwa chaki: ukuta wa Bonde la Ufa upande mmoja, ziwa la magadi chini, na tundu ambalo ardhi inapumulia. Wapo pia wanaoishi kwa kuongoza watalii na kubeba mizigo, na fedha hiyo si ya kubezwa.

Wanaopinga nao wana hoja, ingawa naona wengi huogopa kisichostahili kuogopwa zaidi. Lava ile si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba inatuzoesha vibaya. Tangu 1983 ilikuwa ikijaza kreta, yaani shimo la kileleni, polepole, watu wakashuka na kutembea juu ya sakafu yake, wengine wakapiga hema humo. Septemba 2007 mlima ukalipuka, majivu yakapanda kilomita kadhaa angani, na pale palipokuwa uwanja pakabaki shimo refu. Chini kulikuwa na magma nyingine, yaani mwamba ulioyeyuka ardhini, yenye silika, iliyokutana na ile ya kabonati, gesi ikafyatuka. Haikuwa mara ya kwanza: mwaka 1966 mlima ulilipuka vilevile. Una tabia mbili, na mgeni huonyeshwa picha za ile ya upole.

Kwingine nako hatari imejificha. Watu wa Goma, chini ya volkano ya Nyiragongo kule Kongo, wana neno mazuku kwa hewa ya kaboni dayoksaidi inayotuama mabondeni na kuua bila harufu. Kule Whakaari, kisiwa cha volkano New Zealand, tarehe 9 Desemba 2019, mlipuko uliwakuta watu 47 kisiwani na 22 wakafa, wakati kiwango cha tahadhari kilikuwa kimepandishwa wiki chache kabla. Taarifa ilikuwepo. Ziara ziliendelea.

Kuna na hoja ya Wamaasai, wanaouita Lengai Mlima wa Mungu. Mtu anayekwenda kuomba mvua miguuni pake hana sababu ya kufurahia chupa tupu za maji zilizotupwa njiani.

Mimi nasimama upande wa kuruhusu kupanda mpaka ukingoni, si kushuka ndani. Na ningeweka sharti moja la fedha: mwongozaji alipwe ujira wake wote hata akiwageuza wageni katikati ya njia. Saa tisa usiku, mgeni ametoka Ulaya na amelipa dola zake, upepo umebadilika na moshi unawashukia. Anayesema "turudi" asiwe anakata mkate wa watoto wake.