Vitabu kumi kwa mwaka vinamtosha mhakiki

Kila Januari watu hutangaza idadi. Huyu atasoma vitabu 24, yule 52, mwingine 100. Ikifika Aprili wengi wamekwisha kunyamaza, na vitabu wanaviona kama deni. Mtu mwenye kazi na familia, anayesoma na kuandika uhakiki kwa mapenzi yake tu, vitabu kumi kwa mwaka vinamtosha, na namba hiyo sikuiokota hewani.

Anza kwa kupima mwendo wako. Chukua riwaya ya Kiswahili usiyowahi kuisoma, tega saa ya simu dakika 20, soma kama unavyosoma siku zote, kisha hesabu kurasa. Rudia mara tatu kwa nyakati tofauti: alfajiri, alasiri, na usiku baada ya isha. Kurasa kumi za mwanzo zisiingie kwenye kipimo, maana wahusika bado hawajakaa kichwani na mwendo huwa wa kusuasua. Tuseme wastani umetoka kurasa 12. Hizo ni kurasa 36 kwa saa. Ukisoma dakika 25 kwa siku, siku tano kwa wiki, unapata kurasa 75. Siku mbili zilizobaki usizipangie kitu.

Mwaka una wiki 52. Ondoa nne za Ramadhani, kwani kati ya futari, tarawehe na daku usingizi wenyewe ni wa kugawana. Ondoa nyingine nne za harusi, misiba, homa na mitihani ya watoto. Zinabaki wiki 44, yaani kurasa 3,300. Kwa vitabu vya kurasa 200 hiyo ni kama vitabu 16, na wengi huishia hapo. Hapo hapo ndipo lengo linapooza, kwa sababu kazi ya kuandika haikuhesabiwa. Uhakiki wa maneno 600 ulioandikwa kwa uangalifu hula saa tatu hivi: moja ya kurudia sehemu ulizowekea alama, moja ya kuandika, moja ya kusahihisha na kulinganisha kila nukuu na kitabu. Saa tatu kwa mwendo wetu ni kurasa 108. Kwa hiyo kitabu kimoja kinakugharimu kurasa 308. Gawanya 3,300 kwa 308, unapata kumi na mabaki. Hayo mabaki yaachie kitabu unachotaka kukirudia kwa raha tu, bila kuandika chochote.

Wewe utapata namba nyingine, ya mwendo wako na nafasi yako. Cha muhimu itoke kwenye saa yako, isitoke kwa jirani. Safari ya basi kutoka Kange, stendi yetu ya Tanga, kwenda Dar usiiingize kwenye hesabu. Saa zipo, lakini kwenye mtikisiko ule macho huchoka mapema, na alama za penseli hazisomeki baadaye.

Kuhesabu vitabu kuna ubaya mwingine unaoniuma zaidi: kunamfanya msomaji awaogope waandishi wanaotaka kusomwa polepole. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, hapa hapa Tanga, mwaka 1909. Kusadikika, iliyotoka 1951, ni kitabu chembamba, na mwenye haraka anaweza kukimaliza kwa jioni mbili akakiandika kwenye orodha yake. Atakuwa ameambulia nini? Humo Karama anajitetea mbele ya baraza kwa kusimulia safari za wajumbe sita, na kila safari ina sheria zake na hoja yake. Kisome mjumbe mmoja kwa kikao, vikao sita, na baada ya kila kikao andika sentensi moja: mjumbe huyu alileta nini, na kwa nini kilikataliwa? Vivyo hivyo Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990. Unene wake mdogo usikudanganye, utarudi nyuma mara nyingi kuliko kwenye hadithi nene ya upelelezi. Hapa Tanga tuna usemi wetu, waja leo waondoka leo. Kitabu hakipokelewi hivyo.

Ushairi usiupime kwa kurasa hata kidogo. Utenzi wa kawaida una mishororo minne kwa ubeti, mizani (yaani silabi) nane kwa mshororo, na ukiusoma kimyakimya kama gazeti mapigo yote yanapotea. Soma kwa sauti beti 20 hadi 30, simama, kisha rudia tano zilizokushika. Mshororo wa mizani 16 hugawanyika vipande viwili, ukwapi wa kwanza na utao wa pili, nane kwa nane. Ukijikuta unajikwaa katikati ya mshororo, hesabu mizani kabla ya kumlaumu mshairi. Mara nyingi umelitamka neno kwa namna ambayo yeye hakuikusudia. Lakini mizani ikipungua kweli, iandike, kwa maana kasoro hiyo ina ushahidi.

Kwenye nathari kinachowapunguzia wengi raha ni kamusi. Kusimama kwa kila neno geni hukata hadithi, na kulipuuza kila neno hukupeleka kwenye uhakiki wa kubahatisha. Weka nukta ndogo ya penseli pembezoni, endelea, kisha fungua kamusi mwisho wa sura. Hapo utakuta nusu ya maneno yameshajieleza yenyewe. Kitabu cha maktaba hakitiwi nukta. Kwa hicho tumia karatasi ya daftari iliyokunjwa mara mbili, ikafanya pande nne, nayo ndiyo alamisho yako: upande wa kwanza majina ya wahusika, wa pili maneno, wa tatu namba za kurasa za sehemu nzuri au mbovu pamoja na maneno matatu ya kukukumbusha, wa nne maswali yako. Namba ya ukurasa bila yale maneno matatu haikusaidii kitu baada ya wiki.

Kabla ya kununua, hasa vya mitumba na vya kurudufu, pitisha kurasa zote kwa kidole gumba. Vitabu vingi hufungwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16, kwa hiyo fungu moja likidondoka kiwandani unaruka kutoka ukurasa 96 hadi 113, na wakati mwingine fungu jingine limejirudia. Mhakiki asipogundua humsingizia mwandishi kwamba kisa kimekatika.

Kitabu kisichokukaa, kipe robo yake. Robo ikipita nawe bado unajilazimisha, kiweke chini, na uandike mistari miwili ya sababu kwenye daftari lako. Kuacha si aibu. Aibu ni kuandika uhakiki wa kitabu ulichokisoma nusu bila kumwambia msomaji.

Rasimu ya kwanza iandikwe ndani ya siku mbili tangu umalize, ungali na joto lake. Juu kabisa weka jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka na idadi ya kurasa. Kama ni tafsiri, mfasiri atajwe palepale juu, kwani sentensi unazozisifu kwa Kiswahili ni kazi ya mikono yake. Muhtasari wa kisa usizidi robo ya uhakiki, na usivuke theluthi ya kwanza ya hadithi. Makosa haya mawili ndiyo ninayokutana nayo zaidi: uhakiki ambao wote ni kisa, na uhakiki uliomwaga mwisho. Nukuu mahali pamoja angalau, pamoja na namba ya ukurasa. Ukisema lugha ni nzito, onyesha sentensi moja nzito. Ukisema wahusika wako hai, mtaje mmoja na jambo alilolifanya. Neno "kizuri sana" peke yake halimsaidii mtu anayetaka kujua kama atoe shilingi zake au aende kuazima.

Kuna tatizo la mji mdogo, nalo lisemwe. Mwandishi anaweza kuwa jirani yako Chumbageni, au mtu mnayekunywa naye kahawa barazani Ngamiani. Kama kitabu umepewa na mwandishi mwenyewe, liseme hilo kwenye uhakiki. Kama mnajuana, liseme pia. Kisha kosoa kazi, si mtu: "sura ya nne inarudia habari za sura ya pili" ni maneno anayoweza kuyafanyia kazi, na mtaendelea kusalimiana.

Ukimaliza kusahihisha, mpe uhakiki wako mtu ambaye hajakisoma kitabu hicho, mwambie ausome mara moja tu. Muulize mambo mawili: kitabu kinahusu nini, na mhakiki amekionaje? La kwanza wengi hulijibu. Akikwama kwenye la pili, rudi kwenye ile karatasi ya pande nne, upande wa tatu.