Kila mtu anataka kuwa tajiri, konda awe nani?

Jamani mtu mzima akikaa wikiendi anabuni mchezo wa mezani anamkosea nani? Kijiweni wazee wanapiga drafti ya visoda tangu asubuhi mpaka muuza kahawa anaondoka na hakuna anayewauliza kitu, ila mimi nikitandika manila sebuleni na mkasi na gundi, basi wife anampigia mama simu kuuliza kama kwenye ukoo wetu kuna historia.

Mchezo wenyewe ni wa daladala. Unatoka Mbagala Rangi Tatu kwenda Kariakoo, unarusha dadu, unapakia, kuna kadi ya foleni, kadi ya wanafunzi wote wamejaa kituoni, kadi ya abiria katoa elfu kumi alfajiri na konda hana chenji. Jioni unapeleka hesabu kwa tajiri, yaani mwenye gari. Mtamu, niamini. Ila gharama sasa! Nimeenda stationery kuprinti kadi dogo ananiuliza "ticha, chekechea yenu iko wapi?" Dadu nazo mtaani kwetu hawauzi peke yake, mpaka ununue ludo nzima, saa hizi nina mabodi ya ludo mpaka wife anaanikia dagaa.

Lakini hayo yote cha mtoto, shughuli ni kupata watu wa kuujaribu. Sheria nimeandika ukurasa mmoja tu na hakuna anayesoma, kila mtu anakuja na za mtaani kwao. Shemeji akipata sita anataka arushe tena, namwambia hii siyo ludo, ananijibu "sita ni sita, shem". Baba mkwe yeye mtu wa bao, mashimo 32 kete 64, hataki hata kuiona dadu, anasema mchezo wa kubahatisha ni wa watoto, kwenye bao unajua kete itaishia wapi kabla hujaigusa. Na hapo hana uongo, mzee huyo mnaweza mkawa bado mnanamua, ile hatua ya kwanza ya kuingiza kete, mtaji ambayo ndiyo ya pili hamjaufikia, na mimi nishamalizwa. Kwa heshima yake nikatoa dadu moja ikabaki moja. Bado ananuna.

Nikamwita jirani, konda kabisa wa kweli, nikasema huyu ndo atanielewa. Kaangalia bodi weee, kisha "braza, mbona hamna pa kukatisha ruti?" Nikaongeza. "Na deiwaka yuko wapi?" Nikaongeza deiwaka, yule wa kushikilia kazi kwa muda. Akacheza kidogo akasimama, eti anachoka, hawezi kutoka kazini aje kazini.

Ila kinachonitoa roho ni hiki, nimebuni huu mchezo watu waone dereva na konda wanavyoteseka na hesabu, sasa ukifungua bodi tu wote wanagombania kuwa tajiri! Hakuna anayetaka ukonda, hata mtoto wa darasa la pili. Kumbe siko peke yangu, kule Marekani mama mmoja Elizabeth Magie alipata hataza (patent) ya mchezo wake mwaka 1904, lengo aonyeshe wenye ardhi wanavyowanyonya wapangaji, watu wakaucheza wakanogewa na unyonyaji wenyewe, ukageuka geuka huko mpaka ikazaliwa Monopoly, na mwaka 1935 kampuni iliyouza Monopoly ikainunua hataza yake ya pili kwa dola 500. Mia tano! Hata gharama za stationery sijui kama zingerudi.

Mwezi huu mama mwenye nyumba kaja kudai kodi akatukuta tunacheza. Kakaribishwa kakaa, kauliza tajiri anafanya nini, kaambiwa anapokea tu. Alivyochangamka sasa! Kapokea hesabu mpaka usiku, konda akichelewa anapiga meza. Siku hizi kila Jumamosi yupo, na kodi hajasahau, anadai zote mbili, ile ya makaratasi na ile yenyewe, na chai anataka ya maziwa.