Kosa la Riwaya za Mauaji Haliko Wanakolitafuta

Mei 1840, jijini London, Lord William Russell alikutwa kitandani kwake amekatwa koo. Muuaji alikuwa mtumishi wake wa ndani, François Courvoisier, naye akanyongwa Julai mwaka huohuo. Kabla hajanyongwa zikaenea habari kwamba amekiri kuwa wazo la kuua alilipata katika *Jack Sheppard*, riwaya ya William Harrison Ainsworth iliyosimulia maisha ya mwizi mmoja maarufu wa karne iliyotangulia. Ainsworth alikana, magazeti yakamwandama, na michezo ya kuigiza yenye jina la mwizi yule ikaanza kunyimwa vibali. Kesi hiyo haijafungwa hadi leo. Kinachobadilika ni mshtakiwa: jana riwaya, leo filamu, kesho mchezo wa kompyuta.

Walalamikaji huwa wanachanganya mashtaka mawili. Wanasema vitabu vya majambazi, siri na mauaji vinafundisha mbinu za uhalifu, na papo hapo wanasema vinamfanya msomaji awapende watu wasiostahili kupendwa. Shtaka la kwanza ndilo lenye kelele, na ndilo dhaifu. La pili husemwa kwa sauti ya chini, na sijaona bado mtetezi wa riwaya hizi aliyelijibu vizuri.

Tuanze na hilo la mbinu. Mwaka 1961 mwandishi Mwingereza Agatha Christie alitoa *The Pale Horse*, riwaya inayoeleza kwa undani sumu ya thaliamu, metali isiyo na ladha wala harufu, ambayo humdhoofisha mtu polepole na kumnyonyoa nywele. Christie alikuwa akizijua sumu, maana wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alifanya kazi katika duka la dawa la hospitali. Mwaka 1977 mtoto wa miezi 19 kutoka Qatar alifikishwa hospitalini London akiwa mahututi, na madaktari wakashindwa kujua kinachomla. Muuguzi mmoja aliyekuwa akiisoma riwaya hiyo siku hizohizo akaona kitandani dalili zilezile alizozikuta kitabuni, akasema huenda ni thaliamu. Vipimo vikamwunga mkono, mtoto akapona. Miaka 11 baadaye, huko Florida, familia moja ikanywa soda iliyotiwa sumu hiyohiyo, mama akafariki. Jirani yao aliyetiwa hatiani mwaka 1991 alikutwa na nakala ya riwaya hiyohiyo nyumbani kwake.

Wakati mwingine hadithi hizi mbili husimuliwa kama sare ya goli moja kwa moja. Sioni sare hapo. Yule wa Florida alikuwa mtu wa kemia, na alikwisha kufungwa kwa shughuli ya kutengeneza dawa za kulevya. Kuhusu sumu hakuwa na cha kujifunza kwa Christie. Muuguzi ndiye aliyepata kitabuni kitu ambacho hakuwa nacho. Tena mauaji mengi ya kweli hayana ufundi wowote: hasira, pombe, deni, wivu, na chombo chochote kilichokuwa karibu na mkono. Hakuna anayehitaji kurasa mia tatu ili ajue kisu kinakata.

Ila wale wanaoishia hapa na kutangaza ushindi wameshinda pambano jepesi.

Shtaka la pili lina matawi, kwa sababu riwaya zenyewe si za namna moja. Kuna riwaya ya fumbo, ambayo maiti hupatikana mapema, washukiwa ni wachache, na mpelelezi ana akili kuliko wote. Mwaka 1929 Ronald Knox, aliyekuwa padri na mwandishi wa riwaya hizo, aliiandikia amri kumi: muuaji atajwe mapema, mizimu na miujiza isitumike kutatua fumbo, njia ya siri isizidi moja, mpelelezi mwenyewe asiwe mhalifu, na kidokezo chochote anachokiona mpelelezi msomaji akione pia. Zinasomeka kama utani, na kwa kiasi fulani zilikuwa utani, lakini ndani yake kuna heshima kubwa kwa msomaji. Mwandishi anaahidi kutomlaghai. Haki hiyo ni adimu katika maisha, na nadhani ndiyo inayowafanya watu wapole kabisa, wasioweza hata kuchinja kuku, walale na vitabu vya mauaji chini ya mto. Mshairi W. H. Auden alikiri mwaka 1948 kwamba riwaya za upelelezi zilikuwa ulevi kwake, sawa na tumbaku. Maelezo yake ni kwamba msomaji anatafuta dunia isiyo na hatia, dunia iliyochafuliwa na mtu mmoja, ambaye akishaondolewa kila kitu kinarudi kuwa safi.

Gharama ya usafi huo hulipwa na marehemu. Angalia jinsi sura ya pili ya riwaya za aina hii inavyokwenda. Mtu amelala sakafuni chumba cha vitabu, kikombe kimepinduka, saa ya ukutani imesimama saa nne na dakika ishirini. Daktari anainama, anasema amekufa kati ya saa tatu na saa tano. Kuanzia hapo hakuna anayeuliza alikuwa mtu wa namna gani, isipokuwa pale tabia yake inapozaa sababu ya kuuawa: alikuwa mkali kwa watoto, alibadilisha wasia juzi, alijua siri ya mwenzake. Mara nyingi mwandishi humfanya mbaya makusudi, ili asililiwe na mchezo usiharibike. Jioni watu wanakaa mezani kula. Raymond Chandler, naye mwandishi wa riwaya za upelelezi, alilichokoza hilo mwaka 1944 alipomsifu mwandishi mwenzake Dashiell Hammett, mpelelezi wa zamani wa kampuni ya upelelezi ya Pinkerton, kwa kuyarudisha mauaji kwa watu wanaoua kwa sababu zao wenyewe, badala ya kuua ili hadithi ipate maiti.

Mtetezi atajibu kwamba si kila kitabu kinapaswa kubeba msiba, na mimi namkubalia. Anayecheza bao hawalilii kete zilizoliwa. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, aliyewafikia wasomaji mwaka 1960, amewaburudisha watu kwa vizazi, na sijapata kuona aliyepotoka kwa sababu yake. Wahakiki wetu waliziweka riwaya za upelelezi na ujasusi katika kapu la “riwaya pendwa”, kwa sauti iliyokaribia kumaanisha riwaya duni, huku nakala zikipita mkono hadi mkono mpaka majalada yakichanika. Dharau hiyo haikuwa uchambuzi. Kuzisoma na kuzipima ndiyo kazi iliyotakiwa, na wengi waliikwepa.

Mambo yanakuwa mazito tunapofika kwenye riwaya za magenge. Humo swali la nani kaua halina uzito, kwa sababu muuaji anajulikana tangu mwanzo na tunakaa naye mezani. Mario Puzo alitoa *The Godfather* mwaka 1969. Baadaye alieleza kwamba aliiandika akiwa na madeni, na kwamba hakuwa amewahi kukutana na jambazi wa kweli hata mmoja. Yote aliyapata kwa kusoma na kuuliza. Na bado, au pengine kwa sababu hiyo, genge lake lina adabu na heshima kuliko serikali zinazolizunguka. Mkuu wa genge anasikiliza wanyonge, anatimiza ahadi, anakataa biashara ya dawa za kulevya. Wanaouawa ni wasaliti, wakatili, au watu tusiopewa nafasi ya kuwafahamu. Msomaji akifunga kitabu, moyo wake uko upande wa nyumba ile.

Majambazi wa kweli nao waliipenda sura hiyo. Salvatore Gravano, jambazi wa mafia ya New York aliyekiri kuhusika na mauaji ya watu 19, alisimulia jinsi alivyotoka kuitazama filamu iliyotokana na riwaya hiyo akiwa ameduwaa, kana kwamba ameonyeshwa maisha yao. Fikiria hapo: mtu ambaye hajawahi kumwona jambazi anabuni heshima, kisha jambazi anaivaa kama vazi alilorithi kwa babu yake. Mwandishi wa Italia Roberto Saviano, katika kitabu chake *Gomorra* cha mwaka 2006, anaeleza kuhusu kigogo mmoja wa Camorra, mafia ya Napoli, aliyempa msanifu wa majengo kanda ya filamu ya *Scarface* na kuagiza ajengewe jumba kama la jambazi wa filamu hiyo. Hapa hakuna mbinu ya kuua iliyofundishwa. Kilichotolewa ni kile ambacho jambazi hawezi kujitengenezea mwenyewe: mwonekano wa mtu mkubwa, na kisingizio cha kulalia usingizi.

Hapo ndipo shtaka linaposhika. Hata hivyo lina jibu moja gumu, na lazima lisikilizwe.

Genge lingekuwa linatisha tu, lisingepata vijana. Kijana haingii kwa kuwa anapenda uovu. Anaingia kwa sababu kuna mtu mzima aliyejua jina lake, aliyemnunulia viatu, aliyesema “huyu ni wetu” mbele ya watu waliokuwa wakimdharau jana. Mwandishi anayelichora genge kama shimo la mashetani tangu ukurasa wa kwanza anadanganya, na uongo wake una hasara, kwa kuwa msomaji akikutana na genge lenyewe lenye tabasamu na mkono wa kusaidia hatalitambua. Kwa hiyo mvuto katika riwaya hizi ni sehemu ya ukweli wake. Anayedai uondolewe anadai kitabu kisichofaa kitu. Ninachokidai mimi kwa mwandishi ni kwamba akishatuvuta, bili ije. Sisemi wahalifu wafungwe mwishoni. Adhabu ya ukurasa wa mwisho ni rahisi kuandika kuliko kitu kingine chochote, na haimshtui mtu. Nasema tuone nani analipia ile karamu.

Leonardo Sciascia, mwandishi wa Sicilia, alifanya hivyo mwaka 1961 katika riwaya yake *Il giorno della civetta* (Siku ya Bundi), wakati wanasiasa wengi wa Italia walikuwa bado wanakana hadharani kwamba mafia ipo. Alfajiri, katika mji mdogo wa Sicilia, basi liko tayari kuondoka. Mtu mwenye suti nyeusi anakimbia alidake. Milio miwili, anaanguka. Polisi wanafika, na abiria waliokuwa wamejaa basi wanashuka mmoja mmoja, kimya, wakitawanyika bila haraka, hadi basi linabaki tupu. Muuza vitafunwa aliyekuwa amesimama hatua chache kutoka pale anatafutwa, anapatikana, anaulizwa nani kapiga risasi. Anashangaa: kwani kuna mtu amepiga risasi?

Sijasoma kicheko kinachouma kama hicho mahali pengine. Linganisha siri hii na ya riwaya ya fumbo. Kule siri ni ya mtu mmoja, wengine wote wanataka ijulikane, na ikishajulikana dunia inatengemaa. Hapa siri inajulikana na kila mtu, kuanzia dereva hadi mwanasiasa wa mbali Roma, na kazi ya mji mzima ni kutoisema. Kapteni Bellodi, mpelelezi wa kesi hiyo na mgeni kutoka Parma, kaskazini mwa Italia, anafikiri vizuri, anafuata vidokezo, anawapata wahusika. Kisha watu wenye heshima zao wanajitokeza kuapa kwamba anayeshukiwa kupiga risasi alikuwa kwingine siku hiyo, na kesi inaporomoka. Kwa mazoea ya riwaya ya fumbo huo ni ukiukaji mkubwa: fumbo limetatuliwa na hakuna kilichobadilika. Hakuna jambazi anayefungwa, na bado hakuna msomaji anayetoka akitamani kuwa mmoja wao. Mkuu wa genge wa Sciascia ana akili na maneno mazito, hata Bellodi anamheshimu kidogo, lakini hatusahau kamwe yule mtu wa suti nyeusi, mjenzi aliyekataa kulipia ulinzi asiouhitaji.

Vitabu vinavyosimulia mauaji yaliyotokea kweli vina deni kubwa zaidi, kwa kuwa marehemu wao ana ndugu walio hai. *In Cold Blood* ya mwandishi Mmarekani Truman Capote, iliyotoka kama kitabu mwaka 1966, ilihusu familia ya watu wanne waliouawa Kansas mwaka 1959, na ni kazi ya ustadi usiobishaniwa. Lakini wauaji wawili ndio waliopewa utoto, ndoto na machozi kwa kurasa nyingi, na tukio la mwisho makaburini lilibuniwa. Saviano alikwenda upande wa pili, akataja majina. Tangu Oktoba 2006 anaishi chini ya ulinzi wa polisi kwa sababu ya vitisho vya genge. Atakayesema vitabu hivi ni upuuzi wa kupotezea muda awaulize waliomtishia kwa nini walijisumbua.

Mzazi au mwalimu anayeniuliza kama amnyang'anye kijana wa miaka kumi na mitano riwaya ya majambazi, namwambia aiache. Akimnyang'anya ataongeza hamu, na kijana ataimalizia mahali ambapo hakuna wa kumuuliza chochote. Ningempa Puzo kwanza, aisome hadi mwisho bila kuhubiriwa, aipende kama sisi tulivyoipenda. Akimaliza, ningemuuliza awataje waliouawa humo, kwa majina, mmoja mmoja, na aniambie waliacha nani nyumbani. Atakwama mapema. Ndipo ningempa Sciascia.