Jiwe la foleni na duka la Mangi

Juzi kijiweni vijana wamekabana tena, ubepari na ukomunisti, huyu anasema angalia China, yule anasema Wasovieti si walikwisha 1991. Mi nacheka tu, maana hapa kwetu Tanzania tumeonja huku na huku (sawa, ukomunisti wenyewe hatukuufikia, Mwalimu Nyerere alisema ujamaa wetu mzizi wake ni familia sio vita vya matabaka, ila mabenki yalitaifishwa 1967 na maghorofa ya kupangisha 1971, tusibishane majina).

Mama yangu ukimtajia ujamaa hakwambii Azimio la Arusha, anakwambia jiwe. Mwanzoni mwa miaka ya 80 foleni ya sukari unaenda usiku unaweka jiwe lako pale duka la ushirika unarudi kulala, asubuhi unakuta jiwe limepigwa teke huko mtaroni na mke wa kiongozi anatokea mlango wa nyuma na kilo zake mbili. Sabuni hakuna, watu wanafulia majani ya mpapai, unga ndo ule wa mahindi ya njano, watu wakauita Yanga. Babu alishahamishiwa kijijini kwa nguvu akaacha mikorosho yake inaota msitu. Kwahiyo asinidanganye mtu kwamba tulikuwa peponi.

Lakini mama huyohuyo, mtoto wa mkulima asiye na kitu, alisoma bure mpaka ualimu, madaftari anapewa, kwenda bwenini anapewa waranti ya safari anapanda treni, na kitanda cha pili analala mtoto wa mkuu wa wilaya!

Akaja Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, 1985, mwaka uliofuata tukasaini na IMF, wale wakopeshaji wa dunia, maduka yakajaa, mitumba ikaingia, watu wakapumua kweli. Halafu ikaja hii ya kuchangia gharama, mara ada mara dawa, na leo mtoto wa mkubwa anapita na basi la njano saa kumi na mbili, wako anakula vumbi lake.

Mi hata bei hainiumi sana. Zamani sukari ikikosekana imekosekana mtaa mzima, mnakunywa uji wa chumvi mnacheka. Sasa hivi imepangwa pale kwa Mangi inakutolea macho, ukiikosa umeikosa peke yako na bado utaambiwa hupambani.

Nikamuuliza mama, ungepewa uchague ungechagua ipi? Akaniangalia weee, akasema kwani ada ya chuo ya mdogo wako ushalipa?