Kuburuta na kuachia: mwenye gesti tumpe ukurasa mzima au tumuwekee mipaka?

Kila masika ikikaribia napigiwa simu na wenye gesti za Jambiani na Paje, wageni wamepungua wanataka washushe bei kwenye websaiti, na mie niko zangu mjini nahangaika na kitu chengine kabisa, mpaka ami mmoja akanambia "mwanangu, namba mbili tu hizi, na hizo nazo mpaka nikulipe?" Haki yake. Ndo nikaanza kuingia kwenye hizi programu huria za kujengea kurasa, zile unakamata picha au maandishi unaburuta unaachia pale unapotaka bila kugusa kodi hata mstari mmoja (kodi ya kompyuta nasema, si ile ya ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar).

Uzuri wake upo, tusijifanye hatuuoni. GrapesJS kwa mfano iko chini ya leseni ya BSD, inayokuachia utumie na ubadilishe utakavyo, unaipachika ndani ya programu yako mwenyewe, unabadilisha rangi, unaandika vitufe kwa Kiswahili, na hakuna anayekudai dola kila mwezi. Gesti ya vyumba sita dola za kila mwezi itazitoa wapi, mvua ikianza vyumba vyote vimelala. Na kazi ikitoka inatoka HTML na CSS za kawaida, lugha zinazoandikiwa kurasa zote za mtandao, ukigombana na developa wako unachukua kurasa zako unahamia kwengine.

Lakini watu wakisikia "bure" wanadhani imekwisha. GrapesJS inakupa meza ya kufanyia kazi, kabati la kuhifadhia ujenge mwenyewe. Usipoielekeza kwenye seva (kompyuta ya mtandaoni inayotunza kazi), inahifadhi ndani ya brauza ile ile unayotumia, tena yenyewe kila ukigusa kitu, kwa hiyo unavyoona mambo yote salama. Hilo mie sikulisoma vizuri. Ami kakaa ofisini jioni nzima anapanga picha zake za bahari, asubuhi kafungua laptopu ya mwanawe nyumbani hamna kitu, na wageni wanaona bei zile zile za zamani. Lawama yangu peke yangu, programu haikunificha, imeandikwa kwenye maelezo yake.

Nikatengeneza seva, likaja la pili. Ukimpa mtu uwanja mtupu ataujaza tu, ami katia picha ya ngalawa kama ilivyotoka kwenye simu, haikupunguzwa hata kidogo, juu yake maandishi mekundu, kwenye skrini kubwa ya ofisini inapendeza kweli lakini kwenye simu maandishi yameangukia juu ya kitufe cha kubuku. Sasa mgeni anaetafuta chumba na simu mkononi atabonyeza wapi?

Puck, programu nyengine ya namna hii, inaliendea jambo hili kwa njia nyengine. Nayo huria, leseni ya MIT, legevu kama ile ya BSD, ila inataka React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa. Developa ndie anaetengeneza vipande kwanza, kipande cha chumba, cha picha, cha maoni ya wageni, halafu mwenye biashara anavipanga na kuvijaza basi, kinachohifadhiwa ni data na muonekano unabaki kwenye kodi yako. Ukurasa hauvunjiki ovyo. Ubaya wake unaujua kabla sijasema, siku akitaka kipande ambacho hukumtengenezea simu inarudi kwako, na kama wewe ni mtu wa PHP, lugha nyengine ya kuandikia websaiti, uanze skuli upya.

Wapo watakaoniuliza kwani WordPress ina nini, kupanga vipande imo ndani yake tangu toleo la 5.0 la 2018. Kwa websaiti ya kurasa tano sibishani nao, chukua hiyo ulale. Hizi za kupachika nnazisemea pale ambapo tayari una programu yako ya kubuku na malipo na unataka kurasa ziishi humo humo. Na leseni isomwe, maana huria hazifanani: Webstudio, nayo ya kujengea kurasa, iko chini ya leseni ya AGPL, ukiibadilisha kisha ukawawekea watu waitumie mtandaoni lazima uwape na kodi yako.

Mie nimeegemea kwenye mipaka, japo wenzangu wananambia nawabania wateja. Ila jambo lililonichukua miezi kulitambua ni kwamba ami hakutaka kujenga ukurasa hata siku moja, alitaka namba mbili, na bei ni data, haina haja ya kuburutwa popote. Nimemuwekea fomu ya visanduku viwili, masika hii kashusha bei mwenyewe kwa simu yuko barazani kwake, hajanipigia. Kanipigia juzi kwa jengine, anataka ngalawa yake iwe kubwa zaidi.